Anko, Probox na neno "hakuna"

Anko yangu ana duka la spea pale Grogan, Nairobi. Kwa ramani wameandika Kirinyaga Road, lakini mwambie mtu wa boda akupeleke Kirinyaga Road uone vile atakuangalia kwanza. Duka lenyewe ni kama kabati limeachwa wazi, wakiingia wateja watatu wa nne anasimama nje na jua lake, na ndani ni Toyota mpaka kwa dari. Miaka yote hiyo sijawahi kumuona akifungua kitabu kutafuta kitu. Mteja anaingia anasema anataka plagi za Fielder, anko anauliza "chasisi gani?", jamaa anaanza "NZE moja nne..." na mkono wa anko ushafika kwa rafu.

Sasa mwaka juzi kukawa na matanga ushago, anko akaenda wiki mzima na akaniachia duka mimi, mtu wa kompyuta, mtu ambaye wakati huo alikuwa anadhani mauntini ya injini ni kitu cha kupanda. Nikamuuliza nitajuaje nini inaingia wapi, akatoa kaunta buku tatu chini ya meza, zile ngumu za kava nyekundu na nyeusi, akasema kila kitu kiko humo. Na kweli kilikuwa humo. Shida ni vile kilikuwa humo. Ukurasa mmoja unasema "plagi za Probox zinaingia Premio ya 1500, pedi HAPANA." Unaofuata ni deni la fundi fulani wa Industrial Area. Halafu "shoki za nyuma za 51 usipee mtu wa 55", imepigiwa mstari mara mbili, naona kuna siku alipea.

Nataka kuandika juu ya vile nilijaribu kuingiza hizo buku kwa mashine, kwa sababu nilijifunza kitu ambacho chuoni nilifundishwa semesta mzima na sikusikia.

Jaribio la kwanza lilikuwa Excel, kama kila mtu. Safu ya spea, safu ya gari, bei, imeisha. Nilienda hivyo siku mbili nikagundua naandika kitu kimoja mara kumi. Plagi ile ile, mstari wa Probox, mstari wa Succeed, mstari wa Fielder, mstari wa Premio. Na sababu ya zote kuingia ni moja tu, kwamba chini ya boneti zote zina injini ya 1NZ-FE, lakini hiyo sababu haikuwa imeandikwa popote kwa ile Excel. Kulikuwa na majibu matupu, bila kile kinachoyaleta. Gari mpya ikiingia sokoni narudi kuandika majibu yote tena upya. Na gari mpya haziishi kuingia, unajua sheria yetu ya miaka 8, gari ya mitumba ikizidi hapo haishukishwi Mombasa, kwa hivyo kila Januari mwaka mmoja unafungiwa nje na mingine inasogea, na kila baada ya muda kuna chasisi fundi hajawahi kuiona akiwa na spana mkononi.

Anko mwenyewe habebi majibu kwa kichwa, hakuna kichwa kinaweza. Anabeba mambo machache na sheria chache. Plagi hufuata injini. Pedi za breki hufuata chasisi. Shoki za nyuma uliza kwanza kama gari inavuta magurudumu mawili au yote manne, ndio ile 51 na 55 ya Probox. Alafu anajua kusoma zile namba, kwamba NZE141 herufi za mbele zinakudokeza familia ya injini, NZ, na ukiona ZZE122 hiyo ni Fielder pia lakini chini ya boneti ni 1ZZ, 1800, usimpee vitu vya mwenzake. Ukimpa gari ambayo hajawahi kuona anaunganisha hizo sheria hapo hapo.

Hapo ndio nikakumbuka Prolog, lugha ya kuandikia programu. Wacha nikiri kitu: tulipofundishwa Prolog darasa zima tulikuwa tunaicheka, kwa sababu mifano yote ilikuwa ya nani ni babu ya nani, na tukajiuliza nani atakulipa kujua babu ya mtu. Lakini wazo lenyewe ni hili. Lugha zingine unaipa mashine hatua, fanya hiki, kisha hiki, ukiona hivi rudi juu. Hapa humwambii namna ya kufanya. Unasema mambo yalivyo, unasema sheria zinazoyaunganisha, unauliza swali, na kutafuta ni kazi yake. Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, na nadharia nyingi ya nyuma yake ikatoka kwa Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Mimi natumia SWI-Prolog, ya bure, Jan Wielemaker aliianza 1987 kule Uholanzi na mpaka leo ipo, na laptopu yangu ya kitambo inaibeba bila kulia.

(Kitu inanichekesha: mwaka 1982 Japani walianzisha mradi mkubwa wa serikali wa kutengeneza kompyuta za kizazi cha tano, na moyo wake ulikuwa programu za mantiki za aina hii hii. Waliufanya kama miaka kumi. Hizo kompyuta hazikufika Grogan. Probox zilifika.)

Basi nikaanza kuandika hivi, ncp51 ni Probox na nzt260 ni Premio:

injini(ncp51, '1nz-fe').
injini(nze141, '1nz-fe').
injini(nzt260, '1nz-fe').
injini(zze122, '1zz-fe').

inafaa(Spea, Gari) :- ya_injini(Spea, Injini), injini(Gari, Injini).

Mstari wa mwisho usome kwa Kiswahili tu: spea inafaa gari kama spea hiyo ni ya injini fulani na gari hiyo ina injini hiyo. Ndio hiyo sababu Excel haikuwa na mahali pa kuiweka. Na utamu wake, swali unaligeuza vile unataka. Plagi hii inaingia gari gani? Gari hii inachukua spea gani kwa hizi zangu? Ni gari gani mbili zinashiriki injini? Sikuandika programu tatu. Niliandika ule mstari mmoja na yale mambo ya juu yake.

Ilivyoonekana tamu hivyo siku ya kwanza haikufanya kazi kabisa, na ujinga ulikuwa wangu. Kwenye Prolog neno likianza na herufi kubwa linakuwa kiulizio, kitu ambacho bado hakijajulikana, kinaweza kuwa chochote. Mimi nilikuwa nimenakili chasisi vile zimeandikwa kwa logbook, NCP51, herufi kubwa zote. Kwa hivyo sikuwa nimesema "NCP51 ina 1NZ", nilikuwa nimesema "chochote kile kina 1NZ". Nikauliza Fielder ya 1800 inachukua plagi gani, ikaniletea zote dukani. Nikauliza injini ya kitu ambacho hakipo, nikaandika jina la paka wetu, na paka akawa na 1NZ-FE. Mashine ilikuwa imenionya kwa kila mstari kwamba kuna kiulizio kimetajwa mara moja tu, na mimi, mtu wa Nairobi, onyo bora isiwe askari wa kanjo napita.

Sasa ngoja niingie kwa ile sehemu nilikaa nayo usiku mbili, na ndio naona wengi hawaisemi wakisifia hizi lugha.

Toyota wana tabia ya kustaafisha namba za spea. Namba ya zamani inakufa, inarithiwa na mpya, hiyo mpya nayo baada ya miaka inarithiwa na nyingine. Mteja anakuja na kifuniko cha boksi la zamani, namba imefutika nusu, anataka hiyo hiyo, na wewe kwa rafu uko na mjukuu wake. Anko ameandika hizi nyingi sana, kwa mshale mdogo, hii → hii. Kwa sheria nikaandika mrithi wa namba ni ile iliyoirithi moja kwa moja, au mrithi wa mrithi wake, unafuata mpaka mwisho:

mrithi(A, C) :- mrithi(A, B), ilirithiwa(B, C).
mrithi(A, B) :- ilirithiwa(A, B).

Kimantiki hiyo ni sawa kabisa, mpe mwalimu wa hesabu atakupa tiki. Ukiiuliza inakufa. Kwa sababu Prolog inasoma kutoka juu, inataka kujua mrithi, mstari wa kwanza unaiambia ili ujue mrithi kwanza ujue mrithi, inaingia hapo, inaulizwa tena, inaingia tena, mpaka inajaza gigabaiti moja ya memori na kulia. Ukigeuza mpangilio ndani ya huo mstari, ilirithiwa itangulie mrithi ifuate, inaenda. Kwa hivyo ile ahadi ya "sema mambo yalivyo, usijali namna" ina masharti ya chini kwa maandishi madogo, kama mkopo wa simu.

Nikageuza, ikaenda, nikafurahi, nikauliza namba nyingine, ikazunguka tena milele. Hii ya pili ilinichukua usiku wa pili wote. Sheria haikuwa na shida, shida ilikuwa kwa data: kwenye buku ya pili anko aliandika A inarithiwa na B, kwa buku ya tatu mtu mwingine, naona ni yule kijana alikuwa anamsaidia kitambo, akaandika mshale ukielekea upande ule mwingine. B inarithiwa na A. Babu ni mjukuu wa mjukuu wake. Mashine inazunguka hapo kama mathree inatafuta watu.

Dawa iko, na ni mstari mmoja. Unaiambia ikumbuke majibu ambayo ishapata, isiulize swali lile lile mara mbili:

:- table mrithi/2.

Na kuna ndugu wa Prolog anaitwa Datalog, mnyenyekevu zaidi, ambaye yeye hafanyi kwa kuchimba kutoka kwa swali. Kwa kawaida anaanza na mambo anayoyajua, anapitisha sheria juu yake, anapata mapya, anapitisha tena, mpaka isipatikane kitu kipya, anaacha. Kwa sababu vitu ni vya kuhesabika na haruhusiwi kubuni vipya, lazima afike mwisho, mzunguko uwepo usiwepo. Amenyimwa nguvu nyingi ndio apate hiyo amani. Siku hizi watu wanamtumia kuchambua programu kubwa kutafuta makosa ya usalama, na hata SQL, ile lugha ya hifadhidata, tangu toleo la 1999 ina namna ya kujiita yenyewe inayofanana naye.

Mashine ilipoacha kufa nikauliza swali ambalo sikuwahi kufikiria linaulizika:

mrithi(X, X).

Namba gani imejirithi yenyewe? Zikatoka saba. Kumbe kulikuwa na makosa ya mishale kwa zile buku, miaka yote, na hakuna mtu angeyaona kwa kusoma kwa sababu kila mstari peke yake uko sawa, kosa liko kati ya kurasa mbili zilizoachana miaka. Nikaona aah, kwa hivyo hii si ya kujibu wateja tu, naweza kuiuliza yale maarifa yenyewe kama yanapatana. Nikauliza kama kuna chasisi ina injini mbili. Ikatoka moja. Hiyo nikajua ni mimi nimekosea kuandika, nikampigia anko huko matangani, network ikikatika, akasema "hapana, iko sawa, hiyo ni gari ya jamaa fulani wa Dagoretti alibadilisha injini na mimi niliandika nisisahau."

Kwa hivyo kuna gari kama aina, na kuna gari ya mtu. Sheria ikawa: gari ya mtu ina injini ya chasisi yake, isipokuwa tunajua ilibadilishwa. Hiyo "isipokuwa tunajua" kwa Prolog inaandikwa kwa kushindwa: jaribu kuthibitisha ilibadilishwa, ukishindwa, chukulia haikubadilishwa. Keith Clark ndiye aliandika vizuri maana yake mwaka 1978, na mwaka huo huo Raymond Reiter akaipa jina ile dhana pana zaidi, kwamba ulimwengu umefungwa: kisichoandikwa ni uongo.

Soma tena hiyo. Kisichoandikwa ni uongo.

Siku ya nne kukaja mama mmoja na gari ya Vitz, SCP90, anataka pedi za mbele. Nikauliza mashine, ikasema "false", mimi nikamwambia kwa heshima zote, mama, hakuna. Akaenda. Jioni napanga rafu naona pedi zenyewe, boksi nne, zimeandikwa kwa kalamu ya anko SCP90. Sikuwa nimefika huo ukurasa kwa buku. Mashine haikusema uongo kwa kiwango chake, ilisema haiwezi kuthibitisha, na mimi nikatafsiri "siwezi kuthibitisha" kuwa "hakuna" mbele ya mtu mwenye pesa mkononi.

Baadaye ikanipiga tena. Nikataka kumfurahisha anko nimwonyeshe mali iliyolala, spea ambazo haziingii gari yoyote tunayoijua. Ikatoa orodha ndefu, ndani yake kuna kabareta za Nissan B12 ambazo kweli zimelala, Mungu azilaze pema, lakini pia kuna vitu ambavyo anko huuza kila wiki. Zililala kwa daftari langu tu.

Halafu nikarudi kuangalia zile buku na nikaona kitu nilikuwa nimepita. "Pedi HAPANA." Kwa herufi kubwa. "Usipee mtu wa 55." Kama anko angekuwa anaamini kisichoandikwa ni uongo hangekuwa na haja ya kuandika hapana hata moja, angeandika zinazoingia na kunyamaza. Alikuwa anaandika hapana kwa sababu kwake kuna vitu vitatu, inaingia, haiingii, na ile ingine. Kuna watu walikuwa wameliona hili. Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz walitoa mwaka 1988 namna ya kuelewa zile sheria za kushindwa kuthibitisha, na miaka michache baadaye wakaongeza hapana ya pili, ile ya kusema wazi kwamba jambo si kweli, tofauti na kukosa kulithibitisha. Clingo, programu ya sheria za aina hii ya kutoka Potsdam, Ujerumani, inakupa zote mbili. Mimi kwa Prolog yangu nikafanya kienyeji, nikaongeza haifai(Spea, Gari) kama jambo la kuandikwa kama mengine. Ikawa maswali ni mawili, inafaa na haifai. Kama imepata inafaa, uza. Kama imepata haifai, usiuze hata akilia. Kama imepata zote mbili kuna mtu amekosea na tukae chini. Na kama haijapata yoyote, andika "sijui".

Watu wananiuliza kwa nini nisiulize tu hizi AI za simu. Nimeuliza. Inajibu vizuri, kwa adabu, na ikikosea hakuna mahali pa kuweka kidole useme kosa liko hapa, futa. Kwangu ikikosea nauliza imefikaje hapo, na ninafika mpaka kwa mstari, na mstari una namba ya ukurasa wa buku. Labda siku moja zitaoana hizi mbili. Leo bado mimi ndio nabeba boksi la pedi likirudishwa.

Anko aliporudi nikampa orodha ya yale ya "sijui", imejaa karatasi kumi na moja. Nilidhani atakasirika. Alivaa miwani, akatuma chai na mandazi, tukaanza. Hii inaingia. Hii haiingii, niliwahi kujaribu. Hii inaingia lakini inapiga kelele. Nikaacha kuandika nikamuuliza inapiga kelele naiweka wapi, inafaa au haifai, akasema weka inapiga kelele. Nimeiweka. Ni aina ya nne sasa na bado sijapata sheria yake.

Tulipofika karatasi ya tatu kukawa na mauntini moja ya Ractis, anko akaiangalia sana, akaigeuza. Nikamuuliza, anko, hii je? Hakusema hakuna. Sijawahi kumsikia akimwambia mteja hakuna, sidhani kuna mtu Grogan husema. Akaiweka mauntini kwa mfuko wa koti, akasema "ngoja kidogo", akatoka akavuka barabara kwenda kwa duka la jirani yake, na mimi nikabaki hapo na mstari umeandikwa nusu, chai inapoa.